Nyigu Nyumbani: Nini cha Kulipia, Nini cha Kufanya Bure

Kopo la dawa ya kupuliza ndilo jibu la kwanza la watu wengi wakiona nyigu wamejikusanya juu ya dirisha. Unalichukua dukani kwa Mangi, unapuliza, wanadondoka, unafagia. Wiki chache baadaye wapo tena, pale pale, na wewe uko tena kwa Mangi. Jumlisha makopo ya miaka mitatu na utakuta umetoa pesa ambayo ingeweka wavu kwenye madirisha yote na chenji ikabaki.

Tumepima njia sita alizonazo mkazi wa Musoma, Bunda au Butiama: mwiko na fagio, maji ya sabuni, kopo la dawa, dawa ya shambani, mpulizaji wa kulipwa, na fundi wa wavu. Kuua nyigu ni kazi ndogo, na mara nyingi ni ya bure au karibu na bure. Kinachostahili kulipiwa ni kumzuia asirudi. Wengi wetu hufanya kinyume: tunalipia kuua, halafu tunaacha tundu wazi.

Mjue kwanza aliyeingia

Wageni wanaoitwa nyigu, au dondola kama wengine wanavyosema, si wa aina moja. Gharama inaanzia hapo.

Wa kwanza ni yule mrefu mwembamba, wa kahawia au mweusi, miguu ikining'inia anaporuka. Huyu ana ukoo. Kiota chake hakina ganda la nje: ni vijumba vilivyo wazi vikitazama chini, vimeshikiliwa na kikonyo kimoja kilichogandishwa kwenye bati, kenchi, lenta au fremu ya dirisha. Vijumba ni vya karatasi anayojitengenezea mwenyewe. Ukimkuta kwenye nguzo ya uzio au mlango wa mbao uliopigwa jua miaka mingi, mtazame kwa mbali. Anarudi kinyumenyume huku akikwangua nyuzi za mbao kwa taya, anazitafuna na mate mpaka ziwe rojo la kijivu, kisha anaruka kwenda kuongeza ukingo wa kijumba. Kiota huanza na jike mmoja au wachache, na kikikomaa huwa na nyigu wa kuhesabika kwa makumi.

Maelezo mengi unayoyakuta kwenye simu yameandikwa kwa ajili ya nyigu wa Ulaya na Marekani, ambao kundi moja linaweza kufika maelfu na hufa karibu lote baridi ikiingia. Huku kwetu kundi ni dogo, ila hakuna baridi ya kulimaliza. Anayesubiri msimu upite atasubiri sana.

Wa pili ni nyigu wa udongo, mweusi mwenye miguu yenye njano na kiuno kirefu chembamba mno. Hana ukoo, jike hufanya kila kitu peke yake. Hubeba tope kutoka kwenye dimbwi au chini ya bomba linalovuja, akalibandika ukutani, nyuma ya friji, kwenye mkunjo wa pazia au nyuma ya picha. Anapofinyanga utamsikia akivuma kwa sauti ya juu, kwa sababu hulitetemesha tope ili lishike. Bandua chumba kimoja kwa kisu: ndani wamo buibui waliopoozwa, wamesukumizwa na kubanana, akiba ya funza wake. Huyu kwa kawaida hamuumi mtu asiyemshika wala kumlalia. Usumbufu wake ni kuziba matundu: kitasa, mpira wa maji, mrija wa jiko la gesi. Tabia hiyo haiko kwetu tu. Mwaka 2013 ndege kubwa ya abiria ililazimika kugeuza na kurudi uwanja wa Brisbane, Australia, baada ya nyigu wa jamii hiyo kuziba mrija wa kupimia mwendo ndege ikiwa imeegeshwa.

Wa tatu si nyigu kabisa. Mvua ikinyesha na taa ikiwaka, huingia mdudu mkubwa wa kahawia, tumbo nene refu, akijigonga ukutani. Watoto wanapiga kelele, mtu anakimbilia kopo. Huyo ni dume la siafu mwenye mabawa. Hana mwiba. Zima taa, fungua mlango, au mtoe kwa kikombe. Gharama: hakuna.

Wa nne ni nyuki. Ukiona wadudu wengi wanaingia na kutoka kwenye tundu moja la fisha bodi siku nzima, na darini kuna mvumo usiokatika, hao si nyigu, na mengi yaliyoandikwa hapa hayawahusu. Kundi la nyuki ni maelfu kwa maelfu, na nyuki wetu wa Kiafrika hawana subira. Usipulize kitu. Mtafute mrina asali mwenye vifaa au uliza ofisi inayoshughulika na maliasili na ufugaji nyuki katika halmashauri yako. Wakikuvamia na watu wako hatarini, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114.

Mwiko na ndoo ya sabuni

Nyigu wa udongo anaondolewa kwa mwiko wa kupakia plasta au kisu butu. Subiri asiwepo, kwangua, lowesha doa kwa kitambaa, maliza. Usiache magofu ya tope ukutani, maana nyigu wengine huyatumia tena. Ukiweza, muondolee na malighafi: bomba la nje linalodondosha maji na kufanya tope ndilo kiwanda chake. Washa ya bomba ni rahisi kuliko kopo lolote.

Nyigu wa karatasi wanahitaji utaratibu zaidi, lakini si pesa zaidi. Changanya vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita moja ya maji. Maji matupu huteleza juu ya mwili wa nyigu. Yenye sabuni hulowesha na kuingia kwenye vitundu anavyopumulia, naye huanguka muda mfupi baadaye. Tumia chupa ya kupulizia inayorusha maji kwa mkondo, wala si kwa ukungu.

Muda ni alfajiri kabla ya jua, au usiku giza likiwa limekamilika. Wakati huo ukoo wote uko kwenye kiota na umelegea. Vaa mikono mirefu, suruali ya kitambaa kizito, viatu vya kufunika, na jifunge kanga au shuka nyepesi kichwani na shingoni. Tochi isiwe mkononi mwako, maana nyigu akishtuka hufuata mwanga. Mwenzako aishike pembeni, kioo kikiwa kimefunikwa kitambaa chekundu, rangi ambayo wadudu hawa hawaioni vizuri. Simama pembeni ya kiota, kamwe si chini yake. Wakishaanguka wote, kata kikonyo kwa fimbo, kiota kiingie kwenye ndoo ya maji ya sabuni, kisha kwangua mabaki ya kikonyo na uoshe pale kilipokuwa.

Njia hii ina mipaka mitatu, na usiivuke ili kuokoa pesa. Kiota kikiwa juu kiasi kwamba unahitaji ngazi, acha: watu huumia zaidi kwa kuanguka kuliko kwa kuumwa. Kikiwa ndani ya dari usikoweza kukiona, acha. Na kama ndani ya nyumba yuko mtu aliyewahi kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya kuumwa na nyigu au nyuki, asishiriki wala asikae karibu.

Kuna na ile ya jadi, mwenge wa nyasi au kitambaa chenye mafuta ya taa kwenye mti mrefu. Ni rahisi na inaua. Lakini chini ya paa la nyasi, au karibu na kenchi zilizopakwa oili chafu kuzuia mchwa, unachoma nyumba kwa ajili ya wadudu ishirini.

Kopo la dawa

Makopo tuliyoyazoea, Rungu, Doom na mengineyo, kwa kawaida hubeba sumu za jamii moja, zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya asili ya maua ya pareto, zao linalolimwa Nyanda za Juu Kusini na kusindikwa Mafinga. Zinaangusha nyigu haraka. Nyigu akiwa tayari yuko ndani ya chumba cha mtoto na huna muda wa kusubiri alfajiri, kopo lina kazi yake.

Kasoro yake ni kwamba haliachi kizuizi cha kudumu. Nyigu mwingine akija mwezi ujao atakuta fremu ile ile, kivuli kile kile, na hakuna wa kumfukuza. Na kila unapopuliza kuna masharti: funika maji na chakula, toa watoto, paka na kuku, zima jiko la mkaa, gesi na kibatari kwa sababu gesi inayosukuma dawa hiyo inashika moto, funga mlango kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha fungua madirisha kabla ya kurudi. Mwenye pumu asiwe mpulizaji. Anayeanika dagaa karibu na nyumba awatoe kwanza.

Unaponunua, tazama vitu vitatu: lugha ya maelekezo unayoielewa, tarehe ya mwisho wa matumizi, na alama ya kusajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao yake Arusha. Ndiyo iliyorithi kazi ya TPRI, taasisi ya zamani ya viuatilifu, kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Kopo lisilo na usajili halina mtu wa kumuuliza likikudhuru.

Dawa ya pamba: usiifikirie

Bunda ni nchi ya pamba, na katika nyumba nyingi za wakulima hukosi ekapaki, dawa ya kupulizia pamba, iliyobaki msimu uliopita. Inaonekana ni ya bure, bomba la mgongoni lipo, na mtu anasema: kama inaua funza wa vitumba, nyigu ni nini? Hapa ndipo rahisi ghali. Dawa ya shambani imepimwa kwa ajili ya mmea ulio juani na upepo, si kwa chumba chenye godoro, chandarua na sufuria. Nyingine kati yake ni kali kwa mfumo wa fahamu wa mtu, na ndani ya chumba hazina jua la kuzivunja upesi. Mbaya zaidi ni ile inayomiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji ili jirani naye apate. Chupa hiyo haina maelezo, na mtoto mwenye kiu hajui kusoma hatari ambayo haikuandikwa.

Halafu kuna ziwa. Sumu za jamii ya pareto, za kopo na za shambani, ni kali mno kwa samaki hata zikiwa kidogo. Kusuuza bomba ufukweni au mtoni ni kumwaga sumu kwenye sato na dagaa tunaokwenda kuwanunua kesho yake.

Mpulizaji wa kulipwa

Mtu wa fumigesheni ana nafasi yake: kiota kilichojificha ndani ya dari, viota vingi kwenye jengo refu, shule, nyumba ya wageni, au nyumba yenye mtu mwenye mzio mkali. Hapo unalipia vifaa, mavazi na ujuzi usio nao.

Usilipie jina zuri kwenye kibao. Kabla hajafungua bomba, muulize maswali haya na usione haya:

- Umesajiliwa na TPHPA kufanya kazi hii? Nionyeshe.
- Unatumia dawa gani? Nione chupa yenyewe ikiwa na lebo yake.
- Utaondoa viota baada ya kupuliza, au utaua tu na kuniachia?
- Wakirudi ndani ya mwezi, unarudi bure?
- Bei hii ni ya kiota, ya chumba au ya nyumba nzima? Na nauli imo?
- Utanipa risiti ya EFD?

Swali la nauli linawahusu zaidi watu wa Butiama na vijiji vyake. Mtaalamu anayetoka Musoma akaacha barabara kuu pale Makutano hatakuja kwa kiota kimoja kwa bei ya mjini. Njia ya kupunguza ni kuungana: nyumba tatu nne za jirani, au shule na zahanati, zikiita mtu mmoja siku moja, nauli inagawanywa na yeye anapata kazi ya siku nzima.

Na anayekujibu kwamba dawa yake "inafukuza miaka miwili" muage kwa heshima.

Wavu na kuziba

Sasa tuje kwenye pesa ya maana. Nyigu anaingia kupitia sehemu chache: dirisha lisilo na wavu, mwanya kati ya ukuta na bati, matundu ya hewa ya juu ya madirisha, na pale waya wa umeme au bomba linapotoboa ukuta. Ukishughulikia hizo, aliyebaki nje abaki nje.

Matatizo huanzia juu. Mazungumzo ya fundi na mwenye nyumba yanajulikana:

"Mama, madirisha tumeyamaliza, lakini huku chini ya bati kuko wazi. Si watapitia huku?"

"Fundi, hapo ukipaziba tutaiva humu ndani. Hilo bati unalijua."

"Hatupazibi kwa saruji, mama. Tunabana wavu tu, hewa inapita."

Fundi yuko sahihi. Nyumba ya bati isiyo na dari inahitaji ule mwanya ili joto litoke. Kuuziba kwa matofali na saruji kunafaa nyumba yenye dari na njia nyingine ya hewa. Kwa nyumba ya bati tupu, wavu wenye matundu madogo ndio suluhisho, na popo nao wanakosa njia. Kuna faida nyingine kubwa zaidi. Mwanya huo wa chini ya bati ndio mbu wa malaria anaoupenda kupitia, na ndiyo maana watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wameufanyia kazi kwa miaka. Shilingi unayoweka hapo inazuia wadudu wawili, na mmoja wao ni hatari kuliko nyigu yeyote.

Wavu wa nailoni ni wa bei nafuu lakini jua huulegeza na paka huuchana. Wa aluminiamu ni ghali zaidi, hauozi, lakini ukikunjwa haurudi. Wa chuma cha kawaida, kando ya ziwa, hushika kutu. Kwa dirisha la upande wa jua kali, lipia aluminiamu. Kwa upande wa kivuli, nailoni inatosha. Mwambie fundi aupigilie kwa vibao vyembamba pande zote nne. Wavu uliobanwa kwa misumari mitupu huacha vipenyo kati ya msumari na msumari, na kipenyo cha kupitisha kidole kinampitisha nyigu.

Kazi ya rangi nayo ihesabiwe. Mbao iliyochakaa bila rangi ndiyo nyigu wa karatasi huikwangua. Ukipaka fremu, fisha bodi na mlango rangi ya mafuta au vanishi, unamnyima malighafi na mbao yako inadumu.

Mtego wa chupa yenye maji ya sukari tuupite haraka. Ni wa bure, lakini unakusanya nzi na kuwaita nyuki ambao hawakuwa na habari na wewe.

Hesabu ya mfano

Bei hubadilika kati ya duka na duka, kwa hiyo chukua hesabu hii kama mfano na uweke bei za kwako. Tuseme nyumba ina madirisha 5 ya futi 4 kwa 4, na kwa mwaka inapata viota 4. Tuseme pia sabuni ya kiota kimoja ni Sh 1,000, kopo ni Sh 8,000 na unamaliza moja kwa kila kiota, mpulizaji anataka Sh 80,000 kwa nyumba mara moja kwa mwaka, mita ya wavu ni Sh 4,000 na unahitaji mita 7, vibao na misumari ni Sh 15,000, na fundi wa siku moja ni Sh 25,000.

Kwa miaka 3 inakuwa hivi:

- Maji ya sabuni peke yake: Sh 12,000.
- Kopo peke yake: Sh 96,000.
- Mpulizaji kila mwaka: Sh 240,000.
- Wavu mara moja: Sh 68,000.
- Wavu pamoja na sabuni kwa viota vya nje: Sh 80,000.

Sabuni ndiyo rahisi kuliko zote, na kwa mwenye nyumba ya kufikika kwa mikono na mwenye kuamka alfajiri, inatosha. Wavu na sabuni kwa pamoja bado ni nafuu kuliko kopo, na ni theluthi moja ya mpulizaji. Hapo hatujaondoa pesa ya dawa za mbu utakayookoa.

Kama bei za kwenu ni tofauti, kuna njia fupi. Gawanya gharama yote ya wavu kwa bei ya kopo moja. Katika mfano wetu, 68,000 kwa 8,000 ni makopo 8 na nusu. Nyumba inayotumia zaidi ya makopo 8 kabla wavu haujachakaa imepata hasara kwa kutouweka.

Musoma, Bunda, Butiama: nyumba hazifanani

Musoma mjini, kuanzia Makoko hadi Nyasho na Bweri, watu wanataka upepo wa ziwa, na madirisha hayafungwi. Huko wavu ndio wa kwanza. Jiandae tu kuuosha: vijidudu vya ziwani vinavyopaa kwa mawingu huganda kwenye wavu na kuzuia hewa. Chagua wavu unaobanduka, au wa kuteleza pamoja na dirisha la aluminiamu.

Bunda, nyumba mpya zinaendelea kujengwa, na nyumba ambayo haijakwisha ndiyo paradiso ya nyigu: kenchi ziko wazi, kivuli kipo, hakuna moshi wa jiko. Anayejenga abane wavu wa chini ya bati wakati fundi wa paa bado yuko juu na ngazi imeshasimama. Kumwita tena baadaye ni kulipia siku nyingine. Kabla ya kuhamia, kagua kenchi na fremu zote alfajiri, kiota kikiwa bado cha nyigu wawili watatu.

Butiama na vijiji vyake, nyumba zipo kati ya miti, mawe makubwa na mashamba, na kiota kinaweza kuwa kwenye ghala, kwenye mwembe au, mahali pabaya kuliko pote, juu ya mlango wa choo cha nje. Choo kipewe kipaumbele kuliko sebule. Mtoto anayekwenda usiku bila taa ndiye anayekigonga kwa kichwa. Ukaguzi wa kila Jumamosi, fimbo na maji ya sabuni vinatosha.

Na kiota kilicho mbali na njia ya watu, kiache. Nyigu wa karatasi hulisha watoto wao viwavi, na mkulima wa mahindi anayepambana na viwavijeshi vamizi tangu 2017, au wa pamba, ana msaidizi asiyemlipa. Muhogo nao una deni kwa jamii hii. Nyigu mdogo mno aliyeletwa kutoka Amerika Kusini mwaka 1981, na kusambazwa katika nchi nyingi za Afrika, ndiye aliyemdhibiti mdudu mweupe wa unga aliyekuwa anaumaliza muhogo. Kazi hiyo ilimpatia Hans Herren Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Kanuni nzuri ni hii: kiota kilicho karibu na mlango, dirisha, choo au mahali watoto wanapochezea kiondoke, kilicho nyuma ya shamba kibaki.

Nani alipe: mpangaji au mwenye nyumba?

Kiota ni cha anayeishi ndani ya nyumba. Tundu ni la mwenye nyumba. Huo ndio mgawanyo wa haki, na ukubaliane naye kabla ya kulipa kodi ya miezi sita au mwaka. Ukiwa umeshaingia, piga picha ya mwanya na ya kiota, umtumie baba au mama mwenye nyumba ujumbe wenye bei ya fundi, na uombe ikatwe kwenye kodi inayofuata. Subiri jibu la maandishi kabla fundi hajaanza. Na wavu unaobanwa kwa vibao na skrubu, badala ya misumari, unaweza kuhama nao.

Akikuuma

Nyigu haachi mwiba kama nyuki, kwa hiyo anaweza kuuma tena na tena. Ondoka eneo hilo bila kupunga mikono. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa chenye maji ya baridi, vua pete mapema kama ni mkononi. Kidonge cha mzio kutoka duka la dawa, kama setirizini, kinapunguza muwasho na uvimbe. Hayo yote ni gharama ndogo.

Gharama usiyoibania ni ya usafiri wa kwenda kituo cha afya ukiona dalili hizi: uso, midomo au ulimi kuvimba, kifua kubana, vipele mwili mzima, kutapika, kizunguzungu au kuishiwa nguvu. Mgonjwa huyo anahitaji sindano ya adrenalini, na dakika zina maana. Aliyeumwa mdomoni au kooni, na mtoto aliyeumwa mara nyingi, nao wapelekwe hata kama bado wanaonekana wazima.

Uamuzi wetu

Mwenye Sh 1,000 anunue sabuni. Mwenye Sh 8,000 asikimbilie kopo. Anunue mita mbili za wavu, aanze na dirisha la chumba wanacholala watoto. Mwenye uwezo wa kumlipa fundi siku moja amlipe kwa madirisha na mwanya wa chini ya bati, katika miezi ya kiangazi ya Juni hadi Agosti, kabla ya vuli. Mpulizaji aitwe kwa kiota cha darini au kwa nyumba yenye mgonjwa wa mzio. Dawa ya pamba ibaki shambani.